Honi Mbili

"Honi mbili, polisi. Tunatokea nyuma, kila mtu na njia yake. Kuna asiyeelewa?"

Osmel alimkazia macho Remberto. Walikuwa watatu katika chumba cha nyuma cha fundi viatu mmoja wa mji wa Camagüey, Kuba, harufu ya gundi ikiwakaba koo. Ghala la kahawa lilikuwa mtaa wa pili. Mlinzi wake hutoka kwenda kula saa saba kamili.

"Si tupigiane simu tu?" Remberto aliuliza.

"Simu zinaongea na polisi, mzee. Hilo gari lako kuukuu la mwaka hamsini na mbili haliongei na mtu. Au nalo limeshakufa?"

"Asubuhi limepiga honi vizuri."

"Likinyamaza leo, nakuzika nalo."

Yordenis, mdogo wake Remberto, alikuwa akitafuna kucha. Remberto aliingia kwenye dili hili kwa ajili yake tu. Mama yao alimwachia kijana huyo kama amana, na amana ya mama haiachiwi mshenzi kama Osmel.

SAA 7:04. Osmel na Yordenis walikuwa wameshaingia ghalani. Remberto alikaa garini akiangalia barabara. Gari jeupe likasimama kona ya juu. Wakashuka wanaume wanne, bastola mapajani.

Akabonyeza honi. Kimya. Akaipiga ngumi. Kimya!

"Mungu wangu, si leo!"

Akaruka nje, akafungua boneti. Katika mji huu mtu aliyeinamia injini hashangazi hata mbwa. Polisi mmoja akapita karibu naye.

"Umekwama, mzee?"

"Kama kawaida."

Fyuzi nzima. Akagusisha taa ya kupimia kwenye waya utokao kwenye betri: ikawaka. Umeme upo. Akakwangua kutu pale honi ilipofungiwa, labda kutu inazuia umeme kupita kwenye bodi. Wapi! Akaufuata waya kwa vidole hadi nyuma ya taa ya kushoto, ukaishia hapo. Haukuchakaa. Ncha za shaba ziling'aa. Umekatwa kwa kisu.

Osmel! Nani mwingine? Amewauza, yeye atokee nyuma peke yake, kijana anaswe.

SAA 7:07. Polisi walikuwa mlangoni. Remberto angeweza kufunga boneti na kujiendea zake, wala asiulizwe. Alilijua hilo. Akachuna kipande cha waya kwa meno, akagusisha ncha moja kwenye betri, nyingine kwenye honi.

Honi ikalia mara mbili. Mtaa mzima ukageuka.

Nyuma ya ghala mlango ulipigwa teke, ikalia risasi moja. Yule polisi akarudi mbio, akamlaza Remberto kifudifudi juu ya injini na kumtia pingu.

Yordenis akatoka ghalani, mikono huru, ameongozana na afisa. Mzima! Remberto alitaka kulia kwa furaha.

"Kaka, umefanya nini?"

"Nimekuokoa, mjinga wewe!"

"Nani alikutuma? Waya nimeukata mimi! Nilishakubaliana na polisi: dereva ni wa teksi ya kukodi, hajui kitu, aachwe aende. Ulitakiwa ukae kimya tu!"

Remberto aligeuza shingo kutazama ghalani.

"Osmel yuko wapi?"

"Ameruka ukuta." Yordenis alitazama nyuma yake. "Honi ilipolia aligeuka akaniona sikimbii. Amejua ni mimi niliyemuuza kwa polisi."

"Basi panda basi la kwanza, mdogo wangu," Remberto alisema, shavu likimuungua juu ya injini. "Usipite nyumbani."