Matembezi ya Maporomoko na Siri ya Abigaïl

Kila asubuhi, kabla ya saa moja, Plamedie alisimama mbele ya lango la akina Abigaïl katika mtaa wa Bel-Air na kugonga mara tatu kwa kijiwe. Mama Delphine, mama yake Abigaïl, ndiye aliyefungua. Wasichana hao wawili walikuwa na umri wa miaka kumi na miwili na walisoma darasa moja, lakini hawakuondoka papo hapo. Plamedie aliketi uani akingoja rafiki yake ameze kidonge chake na kunywa vikombe viwili vya maji, huku mama yake akimtazama mpaka tone la mwisho.

"Na sweta?" Mama Delphine aliuliza. "Baridi ya mwezi wa tano si ya kuchezea."

"Ninayo, mama."

Abigaïl alikuwa na SS. Ndivyo watu wa Lubumbashi wanavyouita ugonjwa huo wa damu. Vitabuni huitwa selimundu. Mtu huzaliwa nao, wala hamwambukizi mwingine. Lakini mwenye ugonjwa huo akipigwa na baridi, akikosa maji au akichoka kupita kiasi, chembe za damu yake hujipinda kama mundu na kuziba mishipa. Maumivu yake humfanya hata mtu mzima alie.

Shuleni aliyejua habari hiyo alikuwa Plamedie peke yake. Abigaïl alikuwa mgeni pale. Katika shule yake ya zamani wenzake walikataa kuketi naye benchi moja, na msichana mmoja alizoea kumwita "maiti". Ndiyo maana barua ambayo Mama Delphine alimwandikia mwalimu mpya haikufika kamwe. Abigaïl aliichana vipande vipande nyuma ya ukuta wa shule, kisha akamshika Plamedie mkono.

"Niapie hutamwambia mtu."

Plamedie aliapa.

Wiki ya pili ya Mei, Madame Angélique, mwalimu wao, alitangaza matembezi ya somo la mazingira. Wangekwenda porini nje ya mji, Jumamosi, wazunguke njia ya kilomita nane inayopita vijito vitatu, vilima viwili vya kutazamia mbali na maporomoko ya maji. Kila mwanafunzi alipewa karatasi ya ruhusa. Mama Delphine aliisoma, akafikiri kwa muda mrefu, kisha akatia sahihi.

"Nenda, mwanangu. Sitaki ukue umefungiwa ndani. Ila hapa wanapouliza kuhusu ugonjwa, waandikie vizuri, na umkumbushe Madame kwa mdomo. Beba chupa mbili za maji, sweta na dawa zako."

"Ndiyo, mama."

Kesho yake Madame Angélique aliirudisha karatasi ile. "Abigaïl, mstari huu hauna kitu. Ujaze, uniletee."

Swali lilikuwa fupi: Je, mtoto ana ugonjwa wowote? Abigaïl alishika kalamu, akaiweka chini, akamsogezea Plamedie karatasi. "Andika wewe. Mwandiko wako unafanana na wa watu wakubwa."

"Abi, mama yako alisema..."

"Wakijua hawatanichukua. Nitabaki peke yangu kama mwaka jana. Tafadhali."

Plamedie aliandika neno moja: Hapana. Wino ulipokauka, Abigaïl aliipeleka karatasi kwa Madame.

Jumamosi basi dogo la shule liliondoka alfajiri, likaacha lami, likaingia barabara ya vumbi jekundu, na saa mbili na nusu walifika kwenye shamba la Baba Mwaba. Yeye alikuwa mkulima aliyeijua njia ile tangu utoto wake. Mwalimu Paulin, kijana aliyefundisha michezo, alihesabu wanafunzi: ishirini na wawili.

"Batoto, munifuate mimi," alisema Baba Mwaba. "Njia iko moja tu, inazunguka. Tukifika maporomoko tuko katikati. Pale, kurudi na kuendelea ni sawasawa."

Plamedie alilisikia neno hilo "katikati" akatamani asingelisikia. Alimtazama rafiki yake. Abigaïl alikuwa ameacha chupa moja ndani ya basi. Ile nyingine ilikuwa mfukoni, imejaa mpaka mdomoni.

"Kunywa kidogo," alimnong'oneza walipovuka kijito cha kwanza.

"Nikinywa nitataka kwenda haja kila mara, na wote watanicheka. Niache."

"Dawa zako ziko wapi?"

Abigaïl aliongeza mwendo.

Njia ilipita kati ya miti ya miombo na vichuguu virefu kuliko Mwalimu Paulin. Wanafunzi waliimba. Plamedie hakuweza kuimba. Alikuwa akisikiliza pumzi za mtu mmoja tu. Walipopanda kilima cha kwanza pumzi hizo zikawa fupi fupi. Juu kabisa, wenzao waliponyoosheana vidole wakitafuta moshi wa mji kwa mbali, Abigaïl aliketi juu ya jiwe na kuinamisha kichwa.

Madame Angélique alikuja. "Una nini, mtoto wangu?"

"Ni viatu, Madame. Ni vipya, vinanibana."

Madame alimgeukia Plamedie. "Ni kweli?"

Ilikuwa rahisi sana kusema. Maneno mawili yangetosha: ana SS. Plamedie aliona macho ya rafiki yake yakimsihi, akaona na wanafunzi wengine wakiwatazama.

"Ndiyo, Madame," alisema. "Ni viatu."

Madame alilegeza kamba za viatu vile, akampigapiga Abigaïl begani taratibu, na safari ikaendelea. Tangu hapo Plamedie alihesabu hatua. Alijiambia: tukivuka kijito cha pili salama, basi. Wakavuka. Akajiambia: tukifika maporomoko salama, basi. Wakafika.

Maji yaliporomoka kutoka mwambani, meupe, yakanguruma mpaka watu walilazimika kupaza sauti. Upepo wake ulikuwa na manyunyu ya baridi kali. Wanafunzi walivua viatu wakaingia katika dimbwi la chini hadi magotini, wakirushiana maji na kupiga kelele. Kiki, msichana mtundu kuliko wote, alichota maji kwa mikono miwili na kummwagia Abigaïl kifuani. Abigaïl alicheka. Aliingia ndani naye, akarusha maji, akalowa mwili mzima, sweta na yote. Kwa dakika kumi alikuwa mtoto kama wengine, na Plamedie, aliyekuwa amesimama ukingoni na taulo mkononi, hakujua kama alie au afurahi.

Waliondoka maporomoko saa tano. Hawakuwa wametembea hata robo saa, ndani ya majani marefu, Abigaïl alipotoa ukelele na kuanguka akishika mguu wake wa kulia.

"Mguu! Mama yangu, mguu!"

Baba Mwaba alirudi mbio. Alimvua kiatu na soksi, akaona juu ya kifundo mkwaruzo mdogo wenye damu. Uso wake ulibadilika.

"Nyoka," alisema. "Majani haya yana nyoka. Munipe kitambaa, upesi! Tufunge mguu, sumu isipande."

Wanafunzi walirudi nyuma wakilia. Madame Angélique alivua kikwembe, kitenge alichojifunga juu ya suruali, na Mwalimu Paulin akakipasua utepe mrefu. Baba Mwaba aliuzungusha chini ya goti na kuanza kukaza. Abigaïl alipiga kelele ambayo Plamedie hakuwahi kuisikia kwa binadamu.

Yeye alikuwa nyuma ya Abigaïl muda wote. Aliuona mwiba uliomkwaruza nusu saa kabla, ukingoni mwa dimbwi. Alijua pia kwamba Mama Delphine hamvishi mwanawe hata soksi zenye mpira wa kubana. Damu ya Abigaïl ilihitaji kupita, na wao walikuwa wanaifungia njia. Abigaïl, katikati ya maumivu, alimtazama na kutikisa kichwa: usiseme.

"Msifunge!" Plamedie alipiga kelele. "Si nyoka! Ule ni mwiba, niliuona! Abigaïl ana SS! Madame, ana SS, tulidanganya!"

Mikono ya Baba Mwaba ilisimama.

Madame Angélique hakumgombeza. Alimshika mabega. "Plamedie, nitazame. Nyumbani kwao, akishikwa, wanafanya nini?"

"Wanamvua nguo zenye unyevu. Wanamfunika vizuri. Wanampa maji, kidogo kidogo, mengi. Halafu dawa, halafu hospitali. Mama yake anasema hospitali isingoje."

"Dawa zake?"

"Nimeziacha nyumbani," Abigaïl alisema kwa sauti iliyokatika.

Basi kila mtu akapata kazi. Mwalimu Paulin alikimbia mbele kwenye kilima cha pili, mahali pekee ambapo simu ilishika mtandao, ili amwambie dereva aje na basi kwa njia ya gari ya wachoma makaa, ambayo Baba Mwaba alisema inafika kijito cha tatu, na ampigie simu Mama Delphine. Baba Mwaba alifungua utepe, akakata miti miwili mirefu. Madame alifunga kile kikwembe kilichobaki na sweta za wanafunzi juu ya miti hiyo, ikawa machela. Gauthier, mvulana mkubwa wa darasa, alivua koti lake kavu bila kuambiwa. Kiki alileta chupa yake ya maji. "Ni mimi niliyemmwagia maji," alirudia. "Ni mimi."

Kutoka pale hadi kijito cha tatu ni kilomita mbili. Walizitembea kwa saa nzima na zaidi. Baba Mwaba na wavulana walipokezana machela. Plamedie alitembea pembeni akimpa rafiki yake maji kwa kifuniko cha chupa. Abigaïl alikuwa akilia bila sauti, na kila machela ilipotikisika alikunja vidole. Mara moja tu alifungua macho.

"Uliniapia," alisema.

Plamedie alijaza kifuniko tena na kukipeleka mdomoni mwake.

Kwenye kijito hawakukuta basi. Dakika zilipita. Madame alitembea huku na huku, akitazama saa. Midomo ya Abigaïl ilikuwa imekauka, na paji lake la uso lilianza kuwa la moto. Plamedie alifikiri: akifa, neno lile moja ndilo lililomuua, na niliandika mimi. Ndipo waliposikia injini kwa mbali, ikinguruma na kukwama, ikikwama na kunguruma tena, hadi basi likajitokeza kati ya miti huku Mwalimu Paulin, aliyekwenda kulilaki njiani, akiwa amening'inia mlangoni.

Abigaïl alilazwa siku tano. Aliwekewa maji ya mshipani na dawa za maumivu, na daktari alisema kwamba kama mguu ungebaki umefungwa, au wangechelewa hadi jioni, mambo yangekuwa mengine.

Siku ya tatu Plamedie alikwenda hospitali na baba yake, akaingia wodini, lakini Abigaïl aligeukia ukuta, naye akatoka. Mama Delphine alikuwa kwenye benchi la nje ya wodi, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Plamedie alisimama mbele yake.

"Mama Delphine, ile karatasi. Ni mimi niliyeandika. Abi aliniomba, lakini mkono ulikuwa wangu. Na kule kilimani Madame aliniuliza, nikasema viatu."

"Madame alinionyesha karatasi jana," Mama Delphine alisema. "Naye aliomba radhi, kwa sababu hakunipigia simu kuuliza. Mimi pia nina kosa. Nilimwachia mtoto kazi ya kusema jambo ambalo lilikuwa linamtia hofu. Nilipaswa kwenda shuleni kwa miguu yangu." Alisogea kwenye benchi. "Keti."

Plamedie aliketi.

"Abigaïl amekukasirikia?"

"Hanitazami."

"Nenda ujaribu tena."

Ndani, Abigaïl alikuwa amelala akiangalia ukuta. Plamedie alisimama upande wa miguuni mwa kitanda. Hatimaye Abigaïl aligeuka.

"Kiki alikuja jana," alisema. "Aliuliza kama yeye ataambukizwa. Nilimwambia hapana, nikamweleza yote, habari za mundu na mishipa. Akakaa hapa kitandani, akala biskuti zangu zote. Nilidhani atakimbia."

"Bado umenikasirikia?"

"Kidogo." Alivuta miguu yake kumpa nafasi. "Lakini Baba Mwaba alikuwa anakaza sana."

Plamedie alikaa. Mama Delphine, aliyekuwa amefika mlangoni, aliingia na kuwashika wote wawili mikono.

"Nisikilizeni, ninyi wawili," alisema. "Ugonjwa si aibu, na anayeficha ugonjwa mbele ya watu wanaomlinda huwafumba macho, wakatibu sumu ya nyoka asiyekuwapo. Na wewe, Plamedie, kutunza siri ya rafiki ni jambo jema, ila siri inayoweza kumtoa mtu roho usiitunze hata saa moja. Ipeleke kwa mtu mzima siku hiyo hiyo, ungali na nafasi ya kutembea polepole, kabla hujalazimika kukimbia. Ulichelewa kusema ukweli, na kuchelewa huko kumemuumiza mwanangu. Lakini uliusema alipokuwa anakukataza, mbele ya watu wote, na ndiyo maana leo ninamshika mkono akiwa hai."