Vitanda vya Mninga vya Fundi Revocatus

Fundi Revocatus wa Ntalikwa alipiga randa hata Jumapili baada ya misa. Binti yake, Mektilda, alikuwa na mimba ya miezi sita. Kwenye kituo chao cha afya kinamama walilala wawili kitanda kimoja, mzungu wa nne.

"Mwanangu hatalala na miguu ya mtu usoni," alisema Revocatus.

Akaunda vitanda sita vya mninga, vyenye vichwa vya kuchonga. Vilikuwa vizito! Ukimsikiliza yeye, ng'ombe walioukokota mkokoteni walifika kituoni wakaomba kulazwa.

Muuguzi Getruda alitoka nje, akashika kiuno.

"Shikamoo, baba. Unahamia kwetu?"

"Marahaba, Sista. Nimekuletea nafasi!"

Getruda aliupapasa ule mninga. "Kazi nzuri mno. Lakini mbao hunyonya damu, na vijidudu hubaki ndani. Mgonjwa anataka kitanda cha chuma, kinachooshwa kikatakata."

"Basi tununue vya chuma."

"Hilo ndilo jepesi, baba. Kitanda hununuliwa mara moja. Muuguzi wa kumhudumia anayekilalia je? Niko peke yangu. Halmashauri iko tayari kuleta vitanda na wauguzi wawili, lakini watalala wapi? Mashuka nayo tutayafua kwa maji gani?"

Revocatus aliketi juu ya kitanda chake. Kisha akainuka.

"Nyumba tunaiweza."

Kijiji kiliitana kwa ngoma. Jirani yake, Abasi, alifyatua matofali. Kinamama walisomba mchanga. Mzee Nanji, mwenye duka mjini, alichangia mabati na tangi la kukingia maji ya mvua.

"Fundi," Abasi alimtania, "nyumba usiichonge kichwa!"

Nyumba ikasimama. Halmashauri nayo ikatimiza ahadi. Vitanda viwili vya mninga viliingia nyumba ya wauguzi, vinne vikaenda banda la ndugu wa wagonjwa.

Mektilda aliposhikwa na uchungu, Getruda alikuwa safarini kuchanja watoto. Muuguzi mpya, Consolatha, aliitwa kutoka nyumba ile mpya ya wauguzi, akafika mbio. Mektilda alijifungua salama, peke yake kitandani, juu ya shuka safi.

"Mjukuu wako amenikurupusha kwenye kitanda chako, baba," Consolatha alicheka.

"Kinalalika?"

"Kidogo nisiamke!"

Mpaka leo Revocatus husimulia kwamba mninga wake ndio uliomzalisha Mektilda. Ntalikwa nzima hakuna anayembishia.