Madoa Yaliyochelewa

Sogeeni hapa karibu. Hadithi ya leo ina muziki, na muziki wenyewe tutaupiga kwa midomo yetu.

Huyu ni Somoe. Ana miaka sita, anakaa Masasi, na mama yake ni mchoraji.

Mama Somoe huchora barazani. Huchora tembo, huchora twiga, huchora samaki wenye macho makubwa. Rangi zake ni za mafuta, zinang'aa, na harufu yake inafika mpaka kwa jirani!

Lakini Mama hachori kimyakimya. Kwanza anawasha redio ya kaseti. Kachak!

Ndani ya kaseti mna piano. Piano ni kinanda kikubwa, na vidole vya mtu vinatembea juu yake.

Di… di… ding.
Di… di… ding.

"Mama, anayepiga yuko wapi?" aliuliza Somoe.

"Yuko mbali, mwanangu. Na wimbo wenyewe ni wa zamani. Hata bibi yangu alikuwa hajazaliwa."

"Mbona haimbi?"

"Anaimba kwa vidole. Hebu sikiliza."

Somoe akasikiliza. Kweli! Vidole vilikuwa vinaimba. Somoe alifurahi mpaka akachezesha vidole vyake vya miguu.

Sasa, siku moja Mama alichora kanga. Si kanga ya kuvaa, jamani! Kanga ndege, yule mwenye madoa meupe.

Picha ilikuwa ya darasa la chekechea, darasa la akina Somoe. Ukuta wao ulikuwa mtupu kabisa, na Mwalimu Editha angekuja kuchukua picha jioni.

Somoe alikuwa amewaambia wenzake wote, "Kesho mtamwona kanga wetu. Madoa nitatia mimi!"

"Muongo!" alisema Mfaume. "Wewe mdogo."

Somoe aliumia. Sasa lazima kanga afike, na lazima awe na madoa mazuri.

Mama akapaka ubao rangi ya njano. Ukakauka. Akapaka mwili mweusi na kichwa cha buluu. Vikakauka. Miguu ingekuja mwisho.

"Haya, Somoe," alisema Mama. "Madoa ni yako."

Moyo wa Somoe ukaruka, pu!

Mama hatii madoa kwa brashi. Anatia kwa njiti ya kiberiti iliyokwisha kuwaka. Akampa Somoe njiti moja, na rangi nyeupe kwenye kifuniko cha kopo.

"Fuata piano," alisema Mama. "Piano ikigusa, na wewe unagusa. Piano ikinyamaza, mkono unapumzika. Usitie doa bila piano, umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Kachak!

Di… di… ding.
Chovya… gusa… inua.

Di… di… ding.
Chovya… gusa… inua.

Doa hapa. Doa pale. Meupe, ya mviringo, yamekaa vizuri. Lo, Somoe alijiona fundi!

Mama akaenda jikoni kutazama maharage.

Mara, kachak! Kaseti imekwisha. Kimya.

Kanga alikuwa na madoa kifuani tu. Mgongo bado. Mkia bado.

Somoe akangoja. Akangoja tena. Mama haji.

Usitie doa bila piano. Ndivyo Mama alivyosema, sivyo? Basi Somoe akafanya nini? Akaitoa kaseti, akaigeuza, akairudisha. Kachak!

Kumbe upande wa pili una wimbo mwingine!

Tiri-tiri-tiri-tiri-TI!
Tiri-tiri-tiri-tiri-TI!

Ooo! Vidole vya yule mtu vinakimbia! Na mkono wa Somoe nao ukakimbia!

Chovya-gusa-inua! Chovya-gusa-inua! Chovya-gusa, chovya-gusa, chovya-gusa!

Madoa mgongoni. Madoa mkiani. Madoa yakapita mkia, yakaenda kwenye rangi ya njano, yakaendelea mpaka ukingoni!

Tiri-tiri-tiri-tiri-TI! Kachak.

Somoe akatazama picha.

Akafuta doa moja kwa kidole. Halikufutika. Likawa kubwa zaidi!

"Somoe!" Mama alikuwa amesimama mlangoni, mwiko mkononi. "Umefanya nini?"

"Mama, madoa yamekimbia," alisema Somoe. Akaanza kulia. "Nilifuata piano. Niligeuza kaseti, halafu ikanikimbiza."

Mama alikasirika. Alikasirika sana. Hapakuwa na ubao mwingine, na Mwalimu alikuwa njiani.

Somoe akaweka njiti chini. "Mfaume alisema kweli," alisema. "Mimi mdogo."

Mama akamtazama. Akatazama picha. Kisha akairudisha kaseti nyuma, vrrrrr!

"Hebu na mimi nisikie," alisema.

Tiri-tiri-tiri-tiri-TI!

Mama akafuata madoa kwa kidole, bila kuyagusa. Tiri-tiri hapa. Tiri-tiri pale. TI! Doa kubwa, pale pale piano ilipopiga kwa nguvu!

Mdomo wa Mama ukaanza kucheka. Mabega yakacheka. Mwiko nao ukatikisika.

"Umeisikia vizuri, wewe mtoto!" alisema. "Ila kanga wangu amesimama tu. Madoa yake yanakwenda wapi?"

Somoe akafuta machozi. Akafikiri.

"Mama, miguu bado, eti?"

"Bado."

"Basi asisimame. Akimbie! Akimbie mpaka madoa yake yabaki nyuma!"

Mama akashika brashi mara moja. Fyu! Mguu mmoja mbele. Fyu! Mguu mmoja nyuma. Akaongeza vumbi kidogo chini ya kucha.

Kanga akawa anakimbia!

Jioni, hodi hodi! Mwalimu Editha akafika.

"Karibu, Mwalimu," alisema Mama. "Usiishike katikati, rangi bado mbichi."

Mwalimu akatazama. Akasogea. Akainamisha kichwa.

"Mbona madoa mengine yako nje ya kanga?"

Somoe akasimama kando ya picha.

"Hayako nje, Mwalimu," alisema. "Yamechelewa."

Mwalimu Editha akacheka mpaka akashika ukuta. "Yamechelewa! Haya, twende nayo hivyo hivyo, na kuchelewa kwake."

Akaibeba picha kwa uangalifu, kama anabeba sinia la chai ya moto.

Asubuhi, Mama akamsuka Somoe nywele. "Jumamosi tunachora chui," alisema. "Madoa yote ni yako. Ila kaseti tutaigeuza pamoja."

"Pamoja, Mama!" alisema Somoe, na akacheka peke yake njia nzima ya kwenda shule.

Darasani, watoto walimwona kanga ukutani.

"Anakimbia!" walipiga kelele. "Madoa yanamfuata!"

Somoe akawafundisha wimbo. Tiri-tiri-tiri-tiri-TI! Darasa zima likakimbia kuzunguka mikeka. Hata baada ya uji wakakimbia. Hata saa ya kulala ilipofika!

"Laleni, wanangu," alisema Mwalimu Editha. Nani alilala? Hakuna!

Basi Somoe akaenda ukutani. Akanyoosha kidole kwenye madoa ya kifuani, yale ya kwanza. Akaimba polepole.

Di… di… ding.

Watoto wakakaa.

Di… di… ding.

Watoto wakajinyoosha kwenye mikeka. Mwalimu Editha akaegemea kiti chake, akafumba macho, akakoroma.

Somoe akalala kando ya Mfaume.

"Somoe," alinong'ona Mfaume. "Kweli ulitia wewe?"

"Mimi. Jumamosi natia ya chui."

"Chui ana madoa mengi sana. Utaweza?"

"Nitaweza," alisema Somoe. "Nikichoka, nitakuita unisaidie."

Mfaume akatabasamu gizani mwa shuka lake, na wote wawili wakasinzia.