Upande wa Nyuma wa Karatasi ya Gloire

Jumatatu, saa moja na dakika ishirini asubuhi, Orpha Mubanga aliiona picha ile kwenye simu ya muuza samaki, soko la Nchelenge. Ilikuwa karatasi ya shule yake, yenye muhuri. Gloire, miaka kumi na minne. Ana virusi vya UKIMWI tangu kuzaliwa. Aruhusiwe kwenda kliniki kila mwezi. Chini kabisa kulikuwa na sahihi ya Orpha mwenyewe, mwalimu wa ushauri. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Saa mbili, Marthe, bibi aliyemlea Gloire tangu walipovuka ziwa kutoka Kongo kukimbia vita, alikuwa tayari shuleni analia.

"Mutoto anakatala kwenda Mwansabombwe. Anasema kule pia batamucheka. Na dawa ya jana hakumeza. Ni nani alifanya hivi, mwalimu? Mumutafute!"

Nafasi ya Gloire katika shule ya bweni ya Mwansabombwe ingeshikiliwa hadi Ijumaa tu. Mwalimu mkuu naye alikwisha kuamua: karani Ackson ndiye mwenye ufunguo wa kabati la mafaili, basi Ackson afukuzwe. Rahisi hivyo! Orpha aliomba apewe siku moja.

"Awe, hapana, ba Mubanga," Ackson aliapa kwa Kibemba. "Nilitoa kopi moja tu, Ijumaa saa nne, ya kwenda Mwansabombwe. Matokeo mbele, habari za afya nyuma. Karatasi zilikuwa zimebaki chache."

"Habari za afya haziendi na matokeo, Ackson. Zinakwenda peke yazo, kwa muuguzi."

"Lakini mwenyewe mulisaini."

Orpha alitoa simu yake, ambayo muuza samaki alikuwa ameitumia picha ile. Aliitazama picha tena. Mikunjo miwili ilikatiza karatasi, na pembeni kulikuwa na madoa meupe. Chaki? Akamwendea Kabaso, mwalimu wa darasa, anayejulikana kwa umbea. Kabaso alikasirika, akamfunulia faili. Karatasi halisi ilikuwa humo, imenyooka, bila mkunjo hata mmoja. Basi iliyopigwa picha ni ile kopi. Orpha akafungua daftari la barua zinazotoka. Mbele ya jina la aliyepokea bahasha ya kupeleka Mwansabombwe, mahali pa sahihi, palikuwa na alama ya dole gumba. Jina lilikuwa la Marthe.

Saa tisa alasiri Orpha alifika nyumbani kwao, kando ya barabara ya Kenani. Gloire alikuwa amekaa nje, amevaa sweta ya shule. Kwenye mishono yake kulikuwa na weupe.

"Unga huo?"

"Poda. Jumamosi kambo alinimwangia." Kambo ndivyo anavyomwita bibi yake.

Orpha akaugusa ule weupe. Aliwahi kusikia Wakongomani wakiisimulia proklamasio yao: mwisho wa mwaka matokeo ya kila mtoto yanasomwa mbele ya watu wote, na wazazi wanawamwagia waliofaulu poda kichwani. Upande huu wa ziwa hakuna jambo hilo.

"Kambo alifungua bahasha?"

Gloire akaanza kulia. "Mwalimu, minakuomba, musimwambie."

"Musimwambie nani?" Marthe alikuwa ametokea mlangoni.

Orpha alimwomba aketi. "Mama, Jumamosi mulifungua bahasha ya shule?"

"Ndiyo! Pointi za mutoto, nitaziachaje? Kwetu banazisoma mbele ya batu bote. Hapa hakuna. Basi niliita majirani, na kijana wabo Dédé akasoma: makumi munane na sita! Tukamumwangia poda, tukaimba. Dédé akapiga foto mbele na nyuma, akatumia majirani na famille ya kwetu Pweto, nabo baone." Uso wake ulikuwa bado unang'aa.

"Dédé anajua Kiingereza?"

"Anajua namba, na Kifaransa."

"Nyuma paliandikwa nini, mama?"

"Miye sijue kusoma, mwalimu. Ni..." Marthe akaweka kiganja mdomoni.

"Kosa ni letu," Orpha alisema haraka. "Ackson aliandika pale, na miye nikasaini bila kuangalia. Haikupashwa kuwa pale."

Marthe hakumsikia. Alikuwa amemgeukia mjukuu wake. "Weye ulijua?"

"Tangu jana."

"Na uliniacha nikimbie shuleni, nitafute mutu?"

"Ulikuwa na furaha, kambo. Tangu tuvuke hii maji, sijakuona ukicheza."

Marthe alimvuta mtoto kifuani, na Orpha akatazama kando kwa huruma na aibu.

Jumanne asubuhi aliandika ripoti ya mistari minne. Ilisema kwamba karatasi ile ilitoka kwa sahihi yake, na Ackson asiguswe. Jina la Marthe hakulitaja. Gloire alianza tena kumeza dawa, lakini Ijumaa ilifika ikapita, na Mwansabombwe hakwenda.