Sharti la Tatu

Ilianza harufu ya farasi. Mtaa ule hapakuwa na mtu aliyewahi kufuga hata punda, lakini mke wa Mtunzi aliporudi kutoka kazini saa sita mchana, alisimama sebuleni na sare yake ya uuguzi, akanusa, akamgeukia mumewe.

"Baba Kiroboto, umeleta mnyama gani humu ndani?"

"Nimeleta kitabu! Kimekwisha, mke wangu. Nimekisoma chote, mpaka nukta ya mwisho."

Riwaya yenyewe ilikuwa ya vita vya kale, mji uliozingirwa na jeshi la wapanda farasi mpaka watu wake wakasalimu amri. Miaka minne aliiandika. Na Mtunzi alikuwa na mtindo wake: haamini sentensi mpaka aisikie. Kabla hajampelekea mhariri, alikuwa akisimama katikati ya sebule na kuisoma kwa sauti, kila mhusika na sauti yake. Asubuhi ile alipofika pale mfalme mzee anapotoka kujisalimisha, alifungua mlango wa mbele kabisa, akapiga magoti kizingitini, akasema, "Lango ni lako. Kisima ni chako. Na mwanangu wa pekee ni wako, awe dhamana ya amani." Akalia machozi ya kweli. Basi alivyojisifu, jamani! Hapa nimeweza, alijiambia.

Tangu hapo mlango haukufungika. Fundi alibadilisha kitasa mara mbili. Unafunga, ukigeuka uko wazi.

"Huu mlango una ukaidi kama wa mwenye nyumba," mkewe alitania.

Siku ya tatu maji yakakatika, kwao peke yao. Jirani aliwapa ndoo moja, wakaiweka jikoni, na walipotazama tena ilikuwa tupu, ukingo umejaa mate mazito na unywele mmoja mrefu, mweusi, mgumu. Mkewe hakutania tena. Mtunzi naye alisimama pale akihesabu kwa vidole. Lango, kimoja. Kisima, viwili. Kidole cha tatu kilimshinda kuinua.

Hakumwambia mkewe. Angeanzia wapi? Alimkataza mtoto kwenda shule, akawa anamshika mkono kutwa nzima, hata msalani akimngoja mlangoni. Binti yao alikuwa na miaka sita, na jina la Kiroboto alilipata kwa sababu hakujua kutulia.

"Baba, mkono unaniuma."

"Vumilia, mama. Vumilia kidogo tu."

Siku ya tano, saa sita kamili, jua limewaka na nguo za jirani zimetulia kwenye kamba, Mtunzi alisikia kwato zikija taratibu barabarani ambako hapakuwa na mtu, zikapita duka, zikapita kwa jirani, zikasimama mlangoni kwake, kisha ukasikika mlio wa chuma kama mtu mzito anayeshuka, na ile harufu ikamjaa puani, naye akamkumbatia mwanawe kwa mikono yote miwili, na Kiroboto, ambaye hakuwahi kutulia tangu azaliwe, akatulia tuli kifuani pake, akasema kwa adabu, "Baba, niachie, wananingoja," na mikono yake, Mungu wangu, mikono yake mwenyewe ikafunguka kama iliyopewa amri.

Mtoto alilala sakafuni, macho wazi. Kwato zikaondoka.

Hospitalini walimpima kila kitu, wakasema mzima, ila hakuamka. Walimrudisha nyumbani, na hapo mama yake akaona miguu. Nyayo zilikuwa zimejaa vumbi jekundu, na mtoto hakuwa ametia mguu chini siku mbili. Akaziosha. Baada ya saa moja zilikuwa na vumbi tena, na lengelenge kisiginoni.

"Anatembea," alisema mganga waliyemwita. Alikuwa mama wa makamo, mkoba begani, asiye na maneno mengi. Alishika mguu wa mtoto, akauweka chini polepole. "Wanakwenda naye. Mwenye nyumba, ulisema nini?"

Mtunzi akaeleza yote, kwa kunong'ona. Mkewe alimtazama kama anayemwona leo.

"Ulimtoa mwanangu?"

"Nilikuwa naigiza!"

"Hawa hawajui kuigiza," mganga alisema. "Mkuu wao angevamia tu, ningemfukuza. Lakini mwenye nyumba umepiga magoti mlangoni kwako, umelia, umemkabidhi mtoto. Nimfukuze kwa haki gani?"

"Nitaandika upya. Nitaandika kwamba mfalme alikataa. Nitasoma hata mara mia!"

"Soma. Utachoka bure. Aliyasikia yaliyosomwa siku ile, mwanzo mpaka mwisho, na hayo ndiyo anayoyafuata." Akavaa mkoba wake. "Tumaini ni moja tu. Kama kitabuni huyo mtoto alirudishwa, basi na huyu atarudi, siku ile ile iliyotajwa. Mngojeni."

Mganga alipoondoka, mama wa mtoto alivuta beseni karibu na kitanda. Kwa mara ya kwanza tangu juzi uso wake ulipata nuru. Alilowesha kitambaa, akaanza kufuta vumbi katikati ya vidole, polepole, asitoneshe malengelenge.

"Niambie basi," alisema, sauti chini. "Mtoto wa mfalme. Alirudi lini?"

Mtunzi alianza kuhesabu sura kwa vidole.

"Hata kama ni miaka, sema. Mimi nitangoja. Alirudi lini?"

Sura tisa zilifuata baada ya ile ya kujisalimisha. Alizipitia zote kichwani, ukurasa kwa ukurasa. Kulikuwa na harusi ya jemadari, na njaa, na mazishi ya mfalme ambayo yeye mwenyewe aliyasoma akatabasamu kwa uzuri wake.

"Sikumtaja tena," alisema. "Nilimsahau."