Boksi Kavu Chini ya Gari

Kila asubuhi Mama Pacha huwapeleka watoto wake pacha shule kwa pikapu kuukuu ya familia. Kabla ya geti la shule kuna mteremko mkali. Kuna wakati, kila wakifika pale, pacha walipiga kelele, "Mara mbili, Mama!"

Pedeli ya breki ilikuwa imelegea. Ukiikanyaga mara moja, ilizama. Ukiikanyaga mara mbili, gari lilisimama. Watoto waliona ni mchezo, lakini mama yao alikuwa akitoka jasho.

"Pedi za breki zimekwisha," alisema Baba Pacha. Wakabadilisha pedi. Pedeli ikazama vilevile.

"Huo ni upepo umeingia kwenye mabomba ya breki, shemeji," alisema mdogo wake Baba Pacha. Wakatoa upepo kwenye breki. Siku ya tatu, yale yale.

Mafuta ya breki ndiyo yaliyomchanganya Mama Pacha zaidi. Kila wiki yalipungua. Basi yanavuja, lakini wapi? Jioni moja alitandika boksi chini ya gari. Asubuhi akalikuta kavu. Akakagua magurudumu kwa ndani. Makavu pia! Kichwa kikamzunguka.

Jumamosi alimwita jirani yao, Bibi Gia. Bibi huyu aliendesha gari la wagonjwa miaka thelathini, na kwenye breki hana masihara.

"Unabeba watoto kwa breki za kubahatisha?"

"Bibi, sijui nimsikilize nani."

"Isikilize pedeli. Zima injini. Kanyaga mara tatu, nne, mpaka iwe ngumu. Haya, ishikilie hapo hapo. Hesabu mpaka sitini."

Mama Pacha akahesabu. Kumi, pedeli ngumu. Thelathini, mguu ukaanza kushuka, polepole, wala hakuongeza nguvu. Kabla ya sitini ulifika chini. Akaogopa sana.

"Bibi, inazama yenyewe!"

"Upepo mtupu huifanya iwe laini, lakini haizami hivi. Na nje pote pakavu. Hiyo ni pampu kuu ya breki. Mipira yake ya ndani imechakaa. Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu."

"Sasa mafuta yanakwenda wapi?"

"Fundi atakuonyesha. Ila gari lisitoke hapa. Yeye ndiye aje."

Fundi alikuja, akafungua pampu. Nyuma yake kuna kopo kubwa la chuma linaloongeza nguvu ya breki. Akaingiza kitambaa ndani ya kopo. Kikatoka kimelowa mafuta ya breki chapachapa.

"Lo! Kumbe gari lilikuwa linayanywa lenyewe!" alisema Mama Pacha.

Fundi akasafisha kopo na kulipima. Akafunga pampu mpya, akaweka mafuta mapya, akatoa upepo. Mama Pacha akahesabu tena mpaka sitini. Safari hii mguu haukushuka hata kidogo.

Jumatatu wakafika kwenye mteremko.

"Mara mbili, Mama!" pacha wakapiga kelele.

Mama Pacha akakanyaga mara moja. Gari likatulia mbali na geti. Pacha wakatazamana, wakangoja.

"Shukeni, wanangu," alisema. "Tumeshasimama."