Kilima cha Dakika ya Kumi na Moja

Rafiki yangu Akili wa Fittja, kitongoji cha ughaibuni kaskazini, alianza kazi ya maabara kwa aibu. Mashine yao huchora kilima kwa kila kitu kilichomo kwenye maji wanayopima, kila kimoja kwa dakika yake, na kilima cha ajabu walichokihangaikia wiki nzima kilikuwa mafuta aliyojipaka mikononi kwa sababu ya baridi.

"Kaka, umejipima mwenyewe!" alicheka Kulwa, mkubwa wake kazini, dada Mtanzania aliyempigania apate kazi.

Desemba ile ya 2006, siku ya mwisho ya kipindi chake cha majaribio, kilima kilirudi palepale, dakika ya kumi na moja kamili. Asipokiondoa, kazi hana. Akanawa mikono mpaka ikakauka kama ya mjusi. Akabadilisha sindano, akasafisha mrija, akaiendesha mashine bila tone la maji. Kilima kikaja, kirefu zaidi.

Saa kumi alasiri dirisha lilikuwa tayari jeusi, kama kawaida ya Desemba huko. Mwisho alifunga gesi inayosukuma kila kitu humo ndani, ili pasipite chochote. Ndipo akasikia, ndani ya chuma, pumzi ikivutwa taratibu. Mimi ningeshafika stesheni bila viatu. Yeye alibaki akihesabu. Dakika ya kumi na moja, mstari ukapanda.

"Dada Kulwa," aliita kwa sauti ndogo, "njoo uone. Labda nimejipaka tena."

Kulwa akamnusa mikono. Akaweka sikio kwenye mashine, akaisikia pumzi ile ile.

"Si mafuta yako," alisema. "Chukua koti, twende."